Ng'ambo ya Mto, kwa Shangazi

Mkazi wa Rusumo, wilayani Ngara, akitamani kuona jiji haanzi kuwaza Dar es Salaam. Huko ni zaidi ya kilomita 1,200, na basi linaloondoka alfajiri humaliza mchana na kula sehemu ya usiku. Kigali iko kilomita 160 hivi. Ni karibu kuliko hata Bukoba, makao makuu ya mkoa wake mwenyewe. Aliyeko Kabanga naye ana Muyinga ya Burundi hapo hapo, kilima hiki na kile. Ramani ya darasani humwambia mtoto wa Kirushya au Murusagamba kwamba anaishi ukingoni mwa Tanzania, pembe ya mwisho kabisa. Jioni, bibi yake humtajia ndugu zake, wa huku na wa ng'ambo, na kwa hesabu hiyo ya bibi nyumba yao iko katikati.

Siku hizi ukoo mzima kupakia gari na kwenda kutembea nchi nyingine, babu na bibi, shangazi, wajomba, binamu na watoto wa likizo ya Desemba, huonekana mtindo wa watu wa mjini wenye fedha za ziada. Ngara na Biharamulo safari ya namna hiyo ni ya zamani kuliko mipaka inayovukwa. Imeandikwa kidogo tu, kwa sababu waliokuwa wakiifanya hawakuwa na haja ya kuandika walikokwenda. Walioandika ni wapita njia.

Wa kwanza kati yao alipita akinung'unika. Mwaka 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant, wakitafuta chimbuko la Nile, waliingia Usui, yaani Rusubi, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Biharamulo. Mtawala wake, ambaye Speke alimwandika kwa jina la Suwarora, hakuwa na haraka nao. Maofisa wake walidai hongo, ushuru wa njia wa siku zile: nguo, waya na shanga, leo kwa mkubwa huyu, kesho kwa yule. Speke aliyajaza masikitiko yake kwenye kitabu. Mwezi Novemba akaachiwa, akafika kwa Rumanika wa Karagwe, akapokewa vizuri, na hasira zikamtoka. Ukisoma habari hizo leo unaona kitu ambacho Speke mwenyewe hakukisisitiza: nchi hizi zilikuwa na njia zinazojulikana, na watu waliozoea kuamua nani apite na kwa bei gani.

Baada yake akaja Oscar Baumann, Mwaustria, aliyeingia Burundi mwezi Septemba 1892. Makundi ya watu yalimfuata yakicheza na kushangilia, kwa kuwa wengi walimdhania Mwezi, mfalme wa nasaba ya kale anayerudi. Mwanzoni mwa Mei 1894 ilikuwa zamu ya Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, ambaye alivuka Kagera pale Rusumo, akaingia Rwanda na kukutana na mfalme Rwabugiri huko Kageyo kabla ya mwezi kwisha. Götzen alisonga mbele kupitia misitu ya Kongo hadi pwani ya Atlantiki. Miaka saba baadaye alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Wenyeji walivuka mito hiyo hiyo kwa mitumbwi, na sababu zao zilikuwa ndogo na za kila siku. Bugufi, upande wa magharibi wa Ngara ya sasa, ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi. Kihangaza kinachosemwa huko na Kirundi vinasikilizana bila mkalimani. Bushubi ilikuwa na watawala wake, na ng'ambo ya Kagera kulikuwa Gisaka, iliyokuwa na wafalme wake hadi ilipomezwa na Rwanda katika karne ya 19. Binti aliolewa upande wa pili, ng'ombe wa mahari wakavuka, na tangu siku hiyo kukawa na ziara zisizokwisha: kumtazama mzazi, kuzika, kuchukua haki ya mjomba, kupeleka pombe ya ndizi. Katika Burundi mtu aliyepewa ng'ombe kwa mkataba wa ubugabire alibaki na wajibu kwa aliyempa, na wajibu huo ulikuwa na miguu, maana ulimtoa nyumbani mara kwa mara akiwa na mtungi kichwani. Asiye na ndugu mahali aliweza kuchanjiana damu na mwenyeji. Udugu huo ndio ulikuwa viza yake, na haukuwa na tarehe ya kwisha.

Mgeni hakwenda mikono mitupu. Akina mama walibeba vikapu vya kusuka vyenye vifuniko vilivyochongoka, ndani yake mtama, maharage au unga. Pombe ilikuwa ya aina mbili: ya ndizi, ambayo Kirundi huiita urwarwa, Kinyarwanda urwagwa na Wahaya rubisi, na ile ya mtama, impeke, inayonywewa kwa mirija kutoka mtungi mmoja uliowekwa katikati ya wazee. Mtungi wa impeke ulipanga hata mazungumzo, kwani anayeshika mrija hawezi kusema, na anayesema hana budi kuuachia kwa muda.

Kisha ukaja mpaka, na haukuja siku moja.

Katika Vita ya Kwanza ya Dunia majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliipita Rwanda na Burundi, yakaingia Biharamulo mwezi Juni 1916 na kuteka Tabora mwezi Septemba. Kwa miaka kadhaa Ngara na Biharamulo zikawa chini ya Mbelgiji, hadi zilipokabidhiwa kwa Mwingereza mwaka 1921. Ugawaji wenyewe ulikwisha pangwa mwaka 1919 na watu wawili, Lord Milner kwa Uingereza na Pierre Orts kwa Ubelgiji. Waingereza walitaka ukanda wa magharibi ya Kagera kwa ajili ya reli waliyoiota, ya kutoka Cape Town hadi Cairo, wakaichukua Gisaka kutoka Rwanda. Mfalme Musinga akapinga, wamisionari wa Kanisa Katoliki wakamuunga mkono kwa kelele kubwa, na kufikia mwanzo wa 1924 Gisaka ilikuwa imerudishwa. Reli haikujengwa. Kagera ikabaki mpaka wa Tanganyika na Rwanda, na maporomoko ya Rusumo, ambayo siku zote yalikuwa mahali pa kuvukia, yakageuka mwisho wa nchi.

Bugufi haikurudishwa kwa Burundi. Dai la kuitaka irudi lilidumu miaka mingi, na baada ya Vita ya Pili ya Dunia lilifikishwa mbele ya Umoja wa Mataifa, ambao ndio uliosimamia Tanganyika na Ruanda-Urundi. Halikuzaa kitu. Hivyo familia za Bugufi zilijikuta na shangazi walioolewa ng'ambo wakiwa wamegeuka raia wa utawala mwingine, wanaolipa kodi kwa faranga na kuwasikia wakubwa wao wakizungumza Kifaransa. Hakuna aliyekuwa amehama. Kutembelea shangazi kukawa kwenda nje ya nchi, kwa kalamu ya watu ambao shangazi hakuwahi kuwaona.

Enzi iliyowapeleka watu wa Ngara mbali zaidi haikuanza kama matembezi. Mkoloni alidai kodi ya kichwa kwa fedha taslimu, na fedha hiyo Ngara haikuonekana kirahisi. Uganda ilikuwapo. Katika Buganda wenye ardhi walilima pamba na kahawa na walihitaji vibarua, na shilingi ya Afrika Mashariki iliyolipwa Masaka ndiyo ile ile iliyotumika Ngara. Kuanzia miaka ya 1920 vijana wa Bugufi, Bushubi na Buha, pamoja na maelfu kwa maelfu ya Wanyarwanda na Warundi waliokimbia kazi za shokoa na viboko vya Wabelgiji, walishika njia ya kaskazini kwenda kupakasa, yaani kufanya kibarua. Njaa kubwa iliyoikumba Rwanda mwaka 1928 na 1929, ile inayokumbukwa kwa jina la Rwakayihura, iliwaongeza barabarani. Wengi walipita Karagwe, wakavuka Kagera pale Kyaka, wakatokea Buganda wakiwa wamevimba miguu. Mwaka 1954 mwanaanthropolojia Audrey Richards alihariri kitabu kizima kuhusu vibarua hao, walivyofika, walivyolipwa na walivyobaki.

Kubaki ndiko kulikozaa aina mpya ya safari. Aliyekwenda kwa msimu mmoja alikaa mitatu, akapewa kipande cha kulima, akaita mdogo wake, akaoa. Watoto wake walikula matoke kwa mchuzi wa karanga na kusema Kiganda. Kwa hiyo babu aliyebaki Ngara, ambaye ujana wake wote ndugu zake walikuwa Burundi na Gisaka, sasa alikuwa na wajukuu upande wa Masaka. Akaenda kuwaona. Mtu mzima wa namna hiyo, anayetembea nchi ya kigeni bila jembe begani wala deni la kodi, akila na kutazama tu, labda ndiye mtalii wa kwanza wa Ngara, hata kama asingelikubali jina hilo.

Waliorudi walirudi na vitu: blanketi, baiskeli, kanzu, cherehani kwa aliyebahatika. Walirudi pia na namna ya kupika ndizi zikiwa zimefungwa kwenye majani yake na kupondwa, tofauti na kukatakata na kuchanganya na maharage kama kwao. Miaka ya 1930 kahawa iliposhika mizizi Bugufi na wakulima wakaanzisha chama chao cha ushirika, baadhi ya wanaume walikwisha jifunza mkahawa ni nini kwenye mashamba ya Waganda.

Njia ya Uganda ilifungwa kwa mizinga. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia sehemu ya kaskazini ya Kagera, na mwezi uliofuata daraja la Kyaka likalipuliwa. Vita ilipokwisha mwaka 1979 ndugu walitafutana kwa barua na kwa kuuliza.

Upande wa magharibi mambo yalikuwa mazito zaidi, na wageni walikuwa wanakuja badala ya kwenda. Mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 yalileta wakimbizi Tanzania, na yale ya 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, yakaleta wengine. Kisha tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara iliyowahi kupiga kambi hapo, ikawa na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania, na miti ya vilima vya jirani ikageuka kuni. Mwaka 1995 shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera, ikasikika Ngara na ng'ambo pia. Mwishoni mwa 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao. Warundi walibaki Lukole hadi kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2008. Jina la Benaco limebaki, mji mdogo wa njia panda wenye malori, nyama choma na vyumba vya kulala wageni.

Miaka hiyo ilifanya ziara za kifamilia kuwa jambo la kunong'ona. Kumwambia ofisa kwamba una ndugu Burundi kulikuwa kujitafutia maswali kuhusu uraia wako, na wapo wenyeji wa Ngara ambao hadi leo hulijibu swali la makabila kwa uangalifu.

Burundi na Rwanda zilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2007, na itifaki ya soko la pamoja ilipoanza kutumika miaka mitatu baadaye, mlango ulifunguka kwa namna nyingine. Daraja la zamani la Rusumo lilikuwa jembamba, malori yakipishana kwa zamu. Lile jipya, lenye urefu wa mita 80 na lililojengwa kwa msaada wa Japani, lilizinduliwa na marais John Magufuli na Paul Kagame tarehe 6 Aprili 2016, pamoja na kituo cha forodha ambako msafiri anagongewa mihuri ya nchi zote mbili chini ya paa moja. Kabanga na Kobero, ya upande wa Burundi, nazo zina utaratibu kama huo. Mwenye pasipoti hutumia pasipoti. Wengine huchukua hati ya dharura ya safari, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano huwekwa karibu. Chini ya daraja, maji yaliyotoka Burundi na Rwanda huzungusha mitambo ya umeme ya megawati 80, inayogawanywa kati ya nchi tatu.

Ukoo unaovuka Rusumo leo hukutana na mambo mawili papo hapo. La kwanza, dereva lazima ahamie upande wa kulia wa barabara, na babu aliyeketi mbele hubaki ameshika kiti hadi Kirehe. La pili ni mifuko. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na kwa zaidi ya miaka kumi, kabla Tanzania haijafanya hivyo hivyo Juni 2019, mama wa Ngara aliyefungasha karanga kwenye mfuko wa Rambo alizihamishia kwenye khanga mbele ya askari.

Kigali yenyewe ni changa kuliko bibi wengi wa mababu wanaoitembelea: ilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, na nyumba yake sasa ni makumbusho. Watu wazima huenda Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, walikozikwa zaidi ya watu 250,000. Kwa familia ya Ngara pale si mahali pa kutazama historia ya wengine, kwa sababu mto uliopakana na mashamba yao ulileta miili mwaka ule. Vijana hupenda soko la Kimironko. Mchana hupatikana melanji, chakula cha kujipakulia ambapo ndizi, wali, maharage, isombe (kisamvu) na viazi hupandishwa sahani moja, mara moja tu, na kipande cha nyama ni kimoja. Ufundi wa kujenga sahani hiyo hadi iwe mlima usioporomoka huonekana hasa kwa binamu wa miaka 16. Anayefika Jumamosi ya mwisho wa mwezi hukuta barabara kimya hadi saa tano asubuhi, maana watu wako kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi.

Wanaojua historia husonga kusini. Nyanza ina nyumba ya kifalme na ng'ombe wa inyambo, wenye pembe zilizopinda kuelekea mbinguni. Huye ina makumbusho makubwa yaliyofunguliwa mwaka 1989, ambamo kuna vikapu, mitungi na mirija. Watoto wanasoma maelezo ukutani kwa Kiingereza walichofundishwa shuleni. Bibi, ambaye hakusoma, anaelewa Kinyarwanda cha mwongozaji neno kwa neno na kumsahihisha.

Burundi ina vilima vilivyobanana zaidi na barabara zenye kona. Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, ina makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa mwaka 1955, na karibu yake ni Gishora, kituo cha ngoma za kifalme kinachohusishwa na mfalme Mwezi Gisabo. Ngoma hizo ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Ukienda kusini hadi Rutovu unakuta piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938, baada ya Mjerumani Burkhart Waldecker kutangaza kwamba hapo ndipo chemchemi ya kusini kabisa ya Nile. Maji yake hushuka Ruvyironza, yakaingia Ruvubu, na Ruvubu huungana na Kagera jirani na Rusumo. Speke alipita Biharamulo akiwa na haraka ya kufika ziwani, akauacha mto huo magharibi yake.

Bujumbura ni kwa ajili ya tumbo na ziwa. Samaki aina ya mukeke wa Ziwa Tanganyika hukaangwa au kuchomwa mzima, ndagala hukaangwa na vitunguu, ugali ni wa muhogo, na maharage hupikwa kwa mawese hadi yabadilike rangi. Mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma huliwa jioni ufukweni, mkabala na milima ya Kongo. Wahaya walioolewa Ngara hulalamika kwamba hakuna senene.

Gharama huchangwa. Wapo wanaofanya hivyo kwa kikundi cha WhatsApp cha ukoo, wengine kwa kisanduku cha kahawa: kila nyumba hutenga fedha ya magunia kadhaa baada ya mauzo. Mwenyeji wa ng'ambo hulipia malazi kwa kutandika mikeka sebuleni, na hoteli, pale ambapo kuna ndugu, huchukuliwa kama tusi.

Kwa muda familia zenye gari zilipendelea mzunguko: Rusumo, Kigali, Huye, kisha kuingia Burundi kwa Kayanza, Gitega, Muyinga na kurudi nyumbani kwa Kobero, nchi mbili bila kurudia barabara. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, na mzunguko ukakatika katikati. Tangu hapo msafiri wa kawaida kati ya Bujumbura na Kigali akawa hana barabara fupi isipokuwa kupitia Kabanga na Rusumo. Na ukoo wa Ngara unaotaka kuona miji yote miwili hurudi kwanza nyumbani, hulala, hubadilisha faranga, kisha huondoka asubuhi kwa upande wa pili.